Neno Moja kwa Mbingu Zote

Anayeniuliza siku ile nilipiga picha ngapi za mbingu, humjibu kwamba nilipiga moja, ingawa kidole kilibonyeza zaidi ya mara mia mbili. Zote zilikuwa picha ya swali lile lile. Kitu kikiwa juu ya kila mtu, na kila mtu akiwa na macho yake mawili, ni nani aliyepewa idhini ya kutuambia tunachokiona?

Tulikuwa wanne garini. Baba, Haidari, mwenye miaka hamsini na minne, alikuwa kwenye usukani. Mama alikaa kando yake, akimenya machungwa na kumpa kipande kimoja kimoja bila kumtazama, kama wafanyavyo watu waliooana siku nyingi. Nyuma alikaa shangazi yangu Bi Mize, mdogo wake Baba kwa miaka minne, na kopo la visheti mapajani. Kando ya kopo nilikuwa mimi, mhitimu wa miezi minne, na kamera waliyonizawadia siku ya joho. Baba alikuwa amestaafu. Maisha yake yote alikuwa ametuahidi kutupeleka kukiona Kituo alikofanyia kazi, ng'ambo ya jangwa, na sasa alikuwa ameishiwa na visingizio.

Jangwa lile kwenye ramani limeachwa jeupe, kana kwamba mchoraji aliitwa kula akasahau kurudi. Lakini juu yake hapakuwa na weupe. Tangu asubuhi mbingu zilikuwa zikifanya mambo ambayo sikuwahi kusoma popote. Upande wa kusini ukuta wa vumbi jekundu ulikuwa umesimama, wala hausogei. Upande wa kaskazini, nyuma ya vilima, wingu lilikuwa likiumuka kama unga wa mandazi uliosahaulika karibu na jiko. Jeupe juu, na tumbo lake chini rangi ya bilingani. Katikati, mvua ilikuwa imening'inia kama pindo la kanga lisilofika kifundoni. Ilianguka, ikakauka hewani, haikugusa mchanga. Nilitoa kamera dirishani nikapiga.

Kwenye kila nguzo ya kilomita palikuwa na kibao: NI MARUFUKU KUPIGA PICHA ANGA.

"Piga chini, mwanangu," Baba alisema. "Piga mawe. Jiwe halimpeleki mtu kwa Mkaguzi wa Kituo."

"Mawe nimeshapiga, Baba. Yanafanana."

"Ndiyo uzuri wake."

Bi Mize alicheka mpaka visheti vikalia ndani ya kopo. "Msikilizeni! Miaka thelathini kazi yake kutazama juu, leo anamfundisha mtoto kutazama chini."

"Kazi yangu haikuwa kutazama," Baba alisema. "Ilikuwa kuandika."

Ndipo kwa mara ya kwanza alipotueleza kazi ile. Kituoni palikuwa na kitabu kikubwa, na katika kitabu kila siku ilikuwa na mstari mmoja, na katika mstari palikuwa na nafasi ya neno moja. Mwandishi huandika hali ya anga, kisha saa tisa alasiri husoma neno lile kwenye kipaza sauti, likasikika bonde zima. Baba aliandika na kusoma kwa miaka thelathini. Neno lake lilikuwa shwari.

"Kila siku?" niliuliza.

"Kila siku."

"Hata siku za mawingu?"

Mama alimpa kipande cha chungwa. Hakukipokea.

Shwari. Ni neno zuri, na nataka kulitendea haki kabla sijalishtaki. Lilizaliwa baharini, kwa watu waliolitamka wakiwa wamelowa, wamechoka, wamepona. Kwao lilikuwa shukrani. Halafu mtu akalitoa huko, akalileta jangwani, akalikausha, akalivalisha sare. Hali ni shwari. Sasa hulitamka mtu aliyesimama mlangoni, mgongo wake ukiziba kilichomo ndani. Nimelisikia mara ngapi? Redioni. Shuleni, mwalimu mkuu akiwa amefunga lango. Chuoni, siku tuliyokuta madawati yamevunjwa na damu imefunikwa kwa mchanga. Hali ni shwari, rudini madarasani. Nasi tukarudi. Tulikuwa watoto wazuri. Tulipasi.

Mama ndiye aliyeona kwanza.

"Haidari, miwani yako iko wapi?"

"Naona bila miwani."

Tukamtazama wote. Mvi za masharubu zilikuwa zimekwisha. Shingo ilikuwa imenyooka. Kilomita kumi baadaye kitambi nacho kilikuwa kimeondoka, na mkanda wa usalama ukamlegea.

"Ee bwana wee," Bi Mize alisema. "Barabara gani hii inayomrudisha mtu? Twendeni nami nirudi."

"Nyinyi haitawarudisha," Baba alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu wa miaka arobaini. Hakushangaa, nadhani hicho ndicho alichokuwa akikihofia miaka yote. "Kitabu kile hakina tarehe. Kila siku niliandika sawa na jana yake. Siku zikifanana hivyo zinakosa pa kupitia, zinarundikana mahali pamoja. Tunaiendea siku hiyo moja. Nyinyi hamkuandika kitu, kwa hiyo hamna deni nayo."

"Basi sasa nimekuzidi umri," Bi Mize alisema. "Kuanzia hapa uniamkie."

"Shikamoo, dada," Baba alisema kwa utani.

Baada ya kilomita moja aliisema tena, na safari hii utani haukuwemo.

Barabara iliteremka kwenye korongo. Lilikuwa pana, mchanga wake mweupe na laini, kuta zake ndefu kuliko nyumba ya ghorofa mbili, na mtoto yeyote angekuambia kwamba palikuwa mto. Ndani yake mahema ya turubai yalipangwa safu kwa safu. Katikati ya mahema ulisimama mlingoti wenye kipaza sauti. Tulisimama karibu na mwanamke aliyekuwa akikaza kamba za hema lake, mrefu, ushungi umefungwa nyuma ya shingo. Alituambia jina lake ni Gumato.

"Karibuni wageni. Maji ninayo kidogo. Maneno ninayo mengi."

"Nani aliyewaweka huku chini, mwenzangu?" Mama aliuliza. "Huu si mto?"

"Ndivyo tulivyosema sisi. Wakatufungulia kitabu cha Kituo. Shwari, shwari, shwari, miaka thelathini. Wakasema mto usio na maji miaka thelathini ni kiwanja."

Baba alikuwa amesimama kando ya gari. Alikaa chini mchangani.

Nilimwonyesha Gumato picha ya wingu. Kutoka korongoni halikuonekana. Kati ya zile kuta mbili ulibaki utepe mwembamba wa samawati, safi, usio na hatia. Alishika kamera kwa mikono miwili, akatazama muda mrefu.

"Hili liko wapi?"

"Nyuma ya vilima. Kwenye chimbuko la mto huu."

"Lini?"

"Leo. Saa sita."

Alinirudishia kamera. "Nakuamini. Lakini huku chini tuko kaya mia na ishirini. Waliopanda ukingoni mwezi jana bila mlingoti kusema, mahema yao yalichomwa wakiyaona. Watu wanangoja saa tisa. Mlingoti ukisema tokeni, tutatoka hata wagonjwa tukiwabeba. Ukisema shwari watabaki, nami siwezi kuwaacha."

"Panda wewe na wanao," Mama alisema.

"Wewe ungepanda?"

Mama alitazama saa yake. Ilikuwa saa saba na nusu.

Baba alizungumza akiwa bado mchangani. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, na maneno yalimtoka haraka, kama mtu anayetoa vyombo kwenye nyumba inayoungua.

"Siku yangu ya kwanza nilichungulia nje. Nililiona wingu. Mkaguzi akaniambia andika shwari, nikaandika. Nikasoma. Maji yakaja, yakawachukua waliokuwa korongoni."

"Wangapi?"

"Sikuuliza. Kuuliza kungehitaji neno jingine. Na kesho yake, mwanangu, kesho yake kulikuwa shwari kweli. Mbingu zimeoshwa, zinang'aa. Niliandika ukweli mtupu. Hilo ndilo lililonimaliza." Alinishika mkono. "Siku tunayoiendea ni ile. Nikifika nitakuwa sijui lolote katika haya. Sitakujua wewe. Nionyeshe picha."

"Na ukikataa kutazama?"

"Nilikuwa mtu mwema," alisema. "Mwoga, lakini mwema. Jaribu."

Akanipa funguo za gari, kwa kuwa alikuwa ameanza kusahau njia.

Najiuliza mpaka leo kama inawezekana kumwomba mtu asifanye alichokwisha kufanya. Walimu wangu wa falsafa wangesema haiwezekani. Wangesema yaliyopita yamepita, kana kwamba yaliyopita hayakuwa yamepanga mahema mbele ya macho yangu, na kufua nguo, na kuanika. Naendesha. Yaliyopita yamekaa kiti cha mbele, yanacheza na kitasa cha dirisha. Ana nywele nyingi. Ananukia machungwa. Ananiuliza, "Samahani dada, Kituo ni mbali?" Nasema si mbali. Sitaki kulia kwa sababu naendesha.

Kituo kilikuwa nyumba ya mawe juu ya kilima, na madirisha yake yalijengwa usawa wa magoti, ili aliyemo ndani aone ardhi tu. Kijana wa miaka ishirini na minne, umri wangu kamili, alishuka garini akajinyoosha shati. Alimgeukia mkewe wa miaka ishirini na saba ya ndoa akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mama alijibu. "Na Mungu akusamehe."

Mkaguzi alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya upole, kalamu tatu mfukoni. Kitabu kilikuwa wazi mezani. Karibu nacho palikuwa na kipaza sauti cha mkono, na ukutani saa iliyoonyesha saa tisa kasoro robo.

"Umechelewa siku yako ya kwanza, kijana. Si kitu. Andika kama ukurasa wa jana."

Haidari aligeuza ukurasa. "Wa jana ni mtupu, bwana."

"Basi andika kama wa kesho."

Akafunua ukurasa wa mbele, na wa mbele yake. Zote zilikuwa zimeshajaa kwa mwandiko wa baba yangu: shwari, shwari, shwari, mpaka jalada la mwisho. Mstari mmoja tu ulikuwa ukisubiri, ule wa leo. Kisha Mkaguzi akaiona kamera.

"Binti, umepiga picha anga?"

"Hakupiga anga, mwanangu," Bi Mize alidakia. "Amepiga mbingu."

"Ni kitu kimoja, mama."

"Kimoja vipi? Anga ndilo wanalopita ndege na sheria zenu. Mbingu zina mwenyewe, na hajaweka kibao. Nionyeshe kwenye sheria palipoandikwa mbingu."

Naapa Mkaguzi alifikiri kidogo, kisha akatoa kijitabu cha kanuni mfukoni akaanza kupekua. Watu wa aina yake hawaogopi kitu kama neno lisilo na kifungu. Bi Mize akakaa kwenye kiti cha wageni, akafungua kopo, akawa anamsaidia kusoma faharasa: "Maandamano... mazishi... maziwa... Naona mbolea, mbingu sioni. Kula kisheti."

Nikaenda mezani.

"Haidari," nilisema. Sikuwahi kulitamka jina la baba yangu mbele yake. Ilikuwa kana kwamba nimetukana. "Haidari, tazama hapa."

Alitazama. Wingu lilikuwa kwenye kioo kidogo cha kamera, na hata katika udogo ule lilikuwa kubwa kuliko chumba.

"La lini?"

"La leo. Nyuma ya vilima."

"Na chini yake?"

"Korongo. Kaya mia na ishirini. Mmoja anaitwa Gumato, anakaza kamba za hema lake. Watatoka ukiwaambia watoke. Ukiwaambia shwari watabaki."

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Wino ulikuwa umeanza kukusanyika kwenye ncha. "Mimi ni mgeni hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Sijui kama ninaruhusiwa kulijua hilo."

Mkaguzi alifunga kijitabu. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Binti, nikueleze. Kijana huyu akiandika lile neno, atakaa kazini miaka thelathini. Atatumwa mjini na ripoti, atamwona karani mmoja wa ofisi yetu, atamwoa." Alimtazama Mama, akatabasamu kwa adabu. "Watapata binti. Binti atasoma, atavaa joho. Yote yamo humu. Asipoandika, kurasa hizi zinafutika. Sasa niambie, wewe umesimama juu ya ukurasa gani?"

Nilitazama mikono yangu. Ningependa kusema sikuogopa. Niliogopa. Nilitaka kuwepo. Nilitaka asubuhi za kesho, chai, kazi nitakayoipata, mtu nitakayempenda nisiyemjua bado. Nikafikiri: labda ana haki. Labda kila nyumba imesimama juu ya kitu, na mwenye adabu haulizi ni nini. Halafu nikaiona hila. Ni ile ile waliyotufanyia sote tuliosomeshwa. Walituvika joho, wakatupiga picha, wakatunong'oneza: usiitikise nyumba, nawe umo ndani. Wanatujenga juu ya uongo wao ili tuulinde kwa miili yetu. Na sisi tunauita ulinzi huo busara. Tunauita kukua. Mimi sikukua hivyo. Kama uhai wangu ulinunuliwa kwa Gumato, basi hakuna aliyeniuliza, na leo nimeulizwa.

"Zifutike," nilisema.

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia, bwana. Zifutike zote. Sikuwahi kukutuma unizae kwa neno hilo."

Mama akasogea, akasimama nyuma yangu, mkono wake begani mwangu, unanuka chungwa. "Na wewe usimtishe mwanangu. Huyu nilimzaa mimi. Siku mbili za uchungu, na kitabu chako hakikuwemo chumbani."

Haidari alitutazama sisi wawili, watu asiowajua. Sijui aliona nini. Aliiweka kalamu mezani, taratibu, kama mtu anayemtua mtoto aliyelala. Akachukua kipaza sauti.

"Bado saa tisa!" Mkaguzi alisema.

"Wingu halijui saa," kijana alisema, akabonyeza kitufe. Sauti yake ilitetemeka, na mlingoti wa bondeni ukatetemeka nayo. Tuliisikia ikipanda kutoka mbali. "Wa korongoni. Hapa ni Kituo. Hali si shwari. Narudia, hali si shwari. Kuna wingu kwenye chimbuko, jeusi chini, refu kupita vilima. Pandeni ukingo wa magharibi. Acheni mahema. Bebeni wagonjwa. Gumato, kama unanisikia, watangulize wazee."

Mkaguzi alikuwa amekaa. "Na maji yasipokuja? Utakuwa umewahangaisha watu bure."

"Yasipokuja watateremka kesho kwa miguu yao," Haidari alisema. "Niambie, shwari yako imewahi kumpandisha mtu aliyezama?"

Tulitoka mbio. Nyuma yetu nilimsikia Mkaguzi akivuta kitabu upande wake, na kalamu ikikwaruza: alikuwa akiujaza mstari mwenyewe. Mwache aujaze. Hapakuwa na mtu wa kumsomea.

Kutoka kilimani korongo lote lilionekana, na watu walikuwa wakitoka. Kwanza wachache, wakigeuka kuutazama mlingoti, hawaamini. Halafu wote. Tulishuka na gari mpaka ukingoni, na kamba ya kuvutia gari, na kanga za Mama na za shangazi zilizofungwa fundo. Kamera niliiacha kwenye kiti. Tulivuta watu. Tulivuta bibi aliyekuwa akitutukana kwa kumshika vibaya, tukavuta mwanamume mwenye mguu wa plasta, tukavuta mbuzi, kwa sababu mwenye mbuzi alikataa kupanda kabla yake. Gumato alikuwa wa mwisho, mikono yake imechubuka kwa kamba.

"Mmechelewa kidogo," alisema akihema. "Miaka thelathini."

Juu yetu bado mbingu zilikuwa za samawati. Mchanga ulikuwa mkavu. Watu walianza kunung'unika, mmoja akacheka, mwingine akasema ameacha sufuria ya ugali motoni. Nilimwona Haidari akilitazama korongo kama mtu anayesubiri hukumu, na nikajua kwamba nitasimama naye hata lisije tone. Ndipo mbuzi alipoinua masikio.

Maji hayakuja kama maji. Yalikuja kama ukuta wa ardhi inayotembea, mekundu, yamebeba miiba na mawe na mti mzima ukiwa wima. Yaliingia safu ya kwanza ya mahema na hakuna aliyepiga kelele. Yakaufikia mlingoti, ukainama, ukaenda nayo, na kipaza sauti chake kikitoa mlio mmoja mrefu usio na neno ndani yake. Kaya mia na ishirini zilisimama ukingoni zikitazama. Mmoja wao akainua kichwa kuzitazama mbingu moja kwa moja, bila kibali, kisha jirani yake, kisha wote.

Niliitazama mikono yangu. Ilikuwepo, ina matope, inauma. Sikumuuliza mtu kwa nini.

Kijana alikuwa kando yangu, shati limechanika, akicheka na kulia kwa pamoja kama mtu asiyejua bado ni kipi kinachofaa. Kazi hakuwa nayo tena. Wa kumtuma mjini na ripoti hakuwepo tena. Mama alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, akimfunga Gumato viganja kwa kitambaa, na kijana akamtazama kidogo, akaona haya, akageuka.

"Dada," aliniambia, "hujaniambia jina lako."

"Nasra."

"Nasra," alisema. Akalirudia tena, polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kuliweka asije akalisahau.